Inchi Moja ya Pindo

Mtaa mzima ulimwita Mama Inchi, na jina hilo hakulipata kwa ufupi wa kimo, maana aliinama kila alipoingia kwenye mlango wa duka lake mwenyewe. Alilipata kwa tabia yake ya kuongeza inchi moja kwenye kila kipimo cha urefu. Mteja akisimama mbele ya kioo na tepu ikasoma arobaini, yeye huandika arobaini na moja.

"Inchi ya pindo," husema, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni. "Mtoto anakua, kitambaa kinarudi kikifuliwa, na mtu mzima naye hajui kesho ataolewa na nani."

Hakuna aliyeelewa ndoa iliingiaje hapo. Lakini kwa miaka ishirini na sita, hakuna gauni lililotoka mikononi mwake likarudishwa kwa kuwa fupi.

Asubuhi ya Alhamisi ile aliamka na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa mashine ya Mzee Suti.

Mzee Suti alikuwa fundi wa mtaa wa pili, mshonaji wa makoti ya kiume, ambaye macho yake yalikuwa yameshamwambia basi. Alikuwa anafunga duka aende kuishi kwa binti yake. Vitu vyote vilikwisha kuuzwa, ikabaki mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za kitambaa kwa nyuzi nne ili zisifumuke. Mama Inchi hakuwa nayo. Kila nguo aliyoshona aliitia mfukoni, akavuka barabara mbili mpaka kwa mwenye ovaloki ya kukodisha, na huko akapanga foleni kama mgonjwa.

Sasa shule ya jirani ilikuwa na sketi mia moja na ishirini za kushonwa. Mwalimu mkuu aliigeuza sketi ya mfano ndani nje, akapitisha kidole kwenye kingo, akasema, "Mama, mshono wako nimeupenda. Lakini fundi wa mwaka jana alikuwa wa kuazima mashine kama wewe, na sketi za Januari aliniletea Aprili. Ijumaa nitapita dukani kwako. Nikiikuta ovaloki, kazi yako. Nisipoikuta, tusilaumiane."

Ijumaa ilikuwa kesho. Na Mzee Suti alikuwa amesema atamngoja mpaka saa sita mchana ya leo, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi mwingine, bwana mmoja mwenye gari la mizigo, ambaye angefika wakati huo na asingependa kurudi mikono mitupu.

Fedha Mama Inchi alikuwa nayo. Alikuwa ameiweka miezi kumi na minne ndani ya kopo la vifungo, noti juu ya noti. Tatizo ni kwamba Mzee Suti hakuruhusiwa kupokea noti. Mwezi uliopita aliuza meza yake ya kukatia, akaificha pesa ndani ya godoro ili wezi wasiione, kisha wiki iliyofuata akalitoa godoro sadaka. Binti yake alipopata habari alilia, halafu akacheka, halafu akamwekea baba yake programu ya malipo kwenye simu. "Baba," alimwambia, "kuanzia leo, pesa isiyoingia humu mimi siitambui."

Basi ikawa lazima Mama Inchi naye awe na programu hiyo. Mumewe, ambaye watu walimwita Dereva ingawa alikuwa amestaafu malori tangu miezi mitatu iliyopita, alijitolea kushughulikia. Jana yake alikwenda kununua laini mpya na kuisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa kitambulisho cha mkewe kilikuwa kimeshonewa ndani ya bitana ya koti fulani, na hakuna aliyejua ni koti la nani.

"Andika namba," Dereva alisema asubuhi ile, akikaa kwenye kiti cha wateja, ambacho tangu astaafu kilikuwa kimekuwa chake. Alishika kikadi cha laini mbali na uso, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Mama Inchi alivuta daftari lake la vipimo. Namba ilikuwa na tarakimu kumi, na Dereva aliisoma mbilimbili. Zikawa jozi tano. Sasa kwenye daftari lile, jozi tano hazikuwahi kuwa kitu kingine isipokuwa mwili wa mtu: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Dereva akisoma, mkono ukashuka ngazi kwa ngazi kutoka begani kwenda chini, huku Mama Inchi mwenyewe akiwaza sketi mia moja na ishirini.

"Na ya mwisho, arobaini na mbili," alisema Dereva.

Mkono uliandika arobaini na tatu, ukapiga mstari chini yake, ukafunga daftari.

Kibanda cha wakala wa pesa kilikuwa upande wa pili wa barabara, kidogo kiasi kwamba wakala alipopiga chafya alijigonga ukutani. Alikuwa binti mwerevu, mwenye miwani, asiyependa kuharakishwa.

"Namba, mama."

Mama Inchi alifungua daftari na kusoma, akipitisha kidole.

"Jina hawalionyeshi lote siku hizi," wakala alisema akitazama kioo cha simu yake. "Naona herufi moja na nyota sita. Ni laini ya mwanamume?"

"Ya mume wangu. Herufi gani?"

Akamtajia.

"Ndiye huyo."

"Mama, herufi hiyo ina wanaume wengi."

"Mimi ninaye mmoja na ananitosha. Bonyeza, mwanangu, mzee anafunga saa sita."

Wakala alihesabu noti mara mbili, akabonyeza. Simu yake ikalia. Kisha wote wawili wakaigeukia simu ya Mama Inchi, iliyolala kimya juu ya daftari.

Walingoja. Dereva alivuka barabara akaja kuuliza kulikoni, akaambiwa ujumbe haujaingia, akasema ni mtandao. Aliichukua simu, akainyanyua juu ya kichwa chake, akazunguka nayo kibanda.

"Baba, pesa si redio," wakala alisema. "Haitafuti masafa. Hebu nisomeeni ile namba tena."

Dereva alitoa kikadi na kusoma. Mama Inchi naye akasoma kutoka kwenye daftari, kwa pamoja, kama watu wawili wanaoimba, na wimbo ukaenda vizuri mpaka mwisho.

"Mbili," alisema Dereva.

"Tatu," alisema Mama Inchi.

Wakatazamana.

"Rudia," alisema wakala.

"Arobaini na mbili. Imeandikwa hapa, na mwandiko si wangu."

Mama Inchi aliitazama ile tatu yake, nzuri, iliyopigiwa mstari. Taratibu mkono ulimpanda mdomoni.

"Nimeweka pindo," alisema.

"Umeweka nini, mama?"

"Pindo. Nimeiongezea inchi."

Wakala alivua miwani akaifuta, kama kwamba kosa lilikuwa huko. Dereva alikaa kwenye ukingo wa barabara.

"Miaka thelathini," alisema polepole, "nimeendesha malori usiku na mchana. Sijawahi kufika mji nikaongeza kilomita moja mbele kwa usalama."

"Hiyo suruali uliyovaa ina inchi yangu," Mama Inchi alimjibu. "Nikuondolee sasa hivi tuone utarudi nyumbani na nini?"

Dereva alishika mkanda wa suruali, maana aliijua mikasi ya mkewe.

Walipiga huduma kwa wateja. Muziki ulicheza dakika ishirini na mbili, ukikatizwa na sauti iliyowaambia kwamba wao ni muhimu sana. Hatimaye alitokea dada mpole aliyesikiliza yote, hata habari ya pindo, bila kucheka, jambo ambalo Mama Inchi alilikumbuka kwa shukrani siku nyingi. Lakini majibu yake yalikuwa yale yale ya karatasi: pesa ikishaingia kwa mtu, haitoki bila ridhaa yake, wataandika barua, jibu ni ndani ya siku tatu za kazi.

"Mwanangu, mimi nina saa mbili tu," alisema Mama Inchi.

"Pole sana, mama. Pengine umpigie mwenyewe, umwombe. Watu wengine ni waungwana."

"Nipe mimi," Dereva alisema, akinyoosha mkono. "Mambo haya yanataka sauti ya kiume."

Akapiga. Upande wa pili ulisikika kama chumba kikubwa kisicho na fanicha, kila neno likirudi mara mbili.

"Haloo," Dereva alisema kwa sauti nzito aliyokuwa akiitumia kwenye mizani ya barabarani. "Kuna pesa yetu imeingia kwako kwa bahati mbaya."

Mtu wa upande wa pili akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka.

"Bwana, mwezi wa nne nilishinda gari kwenye simu hii hii. Mwezi wa sita nikashinda lingine. Mwezi uliopita la tatu. Nina magari matatu na natembea kwa miguu. Leo mmekuja na hilo la bahati mbaya?"

"Sikiliza wewe. Irudishe pesa hiyo, la sivyo..."

Simu ikakatwa.

"La sivyo nini?" Mama Inchi aliuliza.

Dereva alifikiri. "Sikuwa nimefika huko."

Mama Inchi akapiga mwenyewe, haikupokewa. Akapiga tena, ikakatwa. Ilipofika saa tano, simu yake ililia akaidaka, kumbe ni Mzee Suti, aliyetaka kumjulisha kwamba yule bwana mwenye gari amewahi kufika, na anaizunguka mashine kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Amekwisha kumtazama meno, binti yangu," alisema mzee. "Uko njiani?"

"Niko njiani, mzee," alisema Mama Inchi, akiwa amekaa kwenye kigoda cha wakala na viatu amevua.

Alizitazama noti zake kwa macho ya moyo, miezi kumi na minne: zile za gauni la bibi harusi aliyeongezeka kilo sita baada ya kupimwa, zile za mapazia ya ofisi yenye madirisha yasiyolingana hata mawili. Zilimuuma. Lakini kilichomuuma zaidi, na hilo lilimshangaza hata yeye, ni kwamba mahali fulani mtu asiyemjua alikuwa anaendelea na shughuli zake akiamini kwamba yeye ni mwizi. Hakuwahi kumzidishia mteja bei hata ya kifungo kimoja. Alipiga moyo konde na kuinua simu.

"Unafanya nini?" Dereva aliuliza.

"Nampigia. Asipotaka kurudisha asirudishe. Lakini nataka ajue mimi si tapeli."

Safari hii ikapokewa.

"Nani tena? Nimepokea kwa pua, mikono ina rangi, sema haraka."

"Ni mimi, baba. Wa ile pesa."

"Mama, kwa heshima zote. Mimi ni mpaka rangi, niko juu ya ngazi, napaka dari ya zahanati. Simu imechomoza mfuko wa kifuani, kwenye kipaza sauti. Kuna wagonjwa kumi na wawili kwenye benchi na wote wananitazama kitovu, kwa sababu shati limenipanda. Sina nguvu ya kutapeliwa leo. Nipigie Jumatatu."

Mama Inchi alifungua mdomo aseme habari ya pesa. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Linapanda ukiinua mikono?"

"Nini?"

"Shati. Ukishusha mikono linarudi lenyewe, ukiinua linapanda zima zima, na mikono yake inakuvuta hapa mabegani kama mtu aliyekukamata kwa nyuma."

Kisha sauti ya mpaka rangi ikashuka.

"Umeniona wapi?"

"Sijakuona."

"Uko kwenye benchi?" Akasikika akigeuka huko juu, na ngazi ikalalamika. "Jamani, nani kati yenu anaongea na simu?"

"Niko mtaani kwangu, baba, mbali na hapo. Ni shimo la mkono hilo. Limekatwa chini mno. Watu hudhani wakilishusha kwapa mtu atapata nafasi, na ni kinyume. Kwapa likiwa chini, ukiinua mkono unaubeba mwili wote wa shati. Kwapa linatakiwa likae juu, karibu na mtu. Huyo fundi wako alikuwa na haraka, au alikuwa mvivu, au vyote viwili."

Kutoka mbali kidogo, chini ya ile sauti, alisikika mwanamke.

"Mwambie mvivu anamsikia."

Mama Inchi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Nani huyo?"

"Mke wangu," mpaka rangi alisema kwa sauti ya mtu anayesali. "Tunafanya kazi pamoja. Yeye ndiye anayeshika ngazi. Shati alilishona yeye. Na namba ya siri ya hiyo akaunti anayo yeye peke yake, tangu lile gari la tatu. Mama, umeharibu."

Dereva alijifunika uso kwa kofia. Wakala, aliyekuwa na mteja, alimwomba mteja angoje kidogo, akatoa kichwa chote dirishani.

"Dada," alisema Mama Inchi, akajikuta amesimama. "Dada yangu, unanisikia? Nimesema vibaya. Nimekusema bila kukuona wala kuiona kazi yako, na hilo si la ufundi wala la utu. Ulilishona kwa mashine gani?"

"Mashine ningeitoa wapi? Kwa mkono."

"Shati zima?"

"Shati zima."

"Na kola?"

"Na kola."

"Baba," Mama Inchi alimgeukia mpaka rangi, "hiyo kola imesimama?"

"Imesimama," mpaka rangi alisema. "Ndiyo kitu pekee kilichosimama vizuri hapa juu."

"Basi si mvivu. Mimi nilijifunza kwa fundi mwenye mashine sita, na kola yangu ya kwanza ililala kama sikio la mbuzi. Mtu anayesimamisha kola kwa mkono si mvivu hata kidogo. Nimekosa, dada."

Ndoo ilisikika ikisogezwa.

"Nilifumua shati lake la zamani nikalifuata," mwanamke alisema, na ukali ulikuwa umepungua. "Nilipofika kwapani nikawaza, huyu anashinda mikono juu siku nzima, nimpanulie."

"Kila mtu huwaza hivyo. Ni kosa la mtu mwenye huruma. Gauni langu la kwanza nilimshonea mama mkwe, na nilimpanulia kwapa vivyo hivyo kwa mapenzi. Kanisani akainua mkono kumpungia jirani, na jirani akaona mengi. Hakunisemesha mpaka mavuno."

Dereva, chini ya kofia, alitikisa kichwa kuthibitisha.

"Sasa haliponi tena?" mwanamke aliuliza.

"Linapona. Sikiliza. Kata kipande cha pembe nne sawa, inchi nne kila upande. Fumua kwapani, mahali mishono miwili inapokutana, kisha..."

Alieleza. Alieleza pembe ipi iangalie begani na ipi ishuke mbavuni, na mahali pa kurudia mshono mara mbili ili pasichanike. Mwanamke aliuliza maswali, maswali mazuri, na kila swali lilimfurahisha Mama Inchi kiasi cha kusahau lingine lote. Dereva alisimama mbele yake akaonyesha saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Mkewe alimpungia mkono kama anayefukuza nzi.

"Ngoja," alinong'ona. "Tuko kwapani."

Dakika kumi baadaye mwanamke alisema, "Mama, ngoja kwanza. Tapeli hana muda wa kumfundisha mtu kwapa. Hiyo pesa ilikuwa ya nini?"

Mama Inchi akamwambia: ovaloki, Mzee Suti, mwalimu mkuu na kidole chake, saa sita. Alimweleza hata habari ya inchi, akatarajia kuchekwa, na kweli akachekwa, kwanza na mwanamke, kisha na mpaka rangi, kisha na watu kadhaa ambao bila shaka walikuwa wagonjwa wa kwenye benchi.

"Shuka," mwanamke akamwambia mumewe.

"Imebaki robo ya dari."

"Nimesema shuka. Dari haina saa sita."

Ngazi ikalia hatua kwa hatua. Kukawa na mazungumzo marefu ya kutafuta kitambaa safi, kwa sababu kioo cha simu kilikuwa kimejaa vidole vyeupe na hakikubali kuguswa. Wakala alikuwa ameshafunga kidirisha chake kabisa akatoka nje, akasimama pamoja na Dereva na yule mteja, ambaye naye hakuwa tena na haraka.

"Natuma kidogo kwanza," mwanamke alisema. "Nisomee namba. Na usisome kutoka kwenye daftari lako."

Dereva alisoma kutoka kwenye kikadi. Wakala alifuatilia kwa kidole, akichungulia juu ya bega lake.

"Mwisho arobaini na mbili," alisema Dereva.

"Mbili tupu?"

"Mbili tupu," wakala alidakia, "haina pindo wala bitana."

Simu ya Mama Inchi ikalia. Kilikuwa kiasi cha kununua pakiti moja ya sindano.

"Imefika, dada."

"Basi hii hapa yote." Na ikalia tena, na Mama Inchi alipokiona kiasi chote kwenye kioo, alirudi kukaa kigodani.

"Makato ya kutuma nitakurudishia," alisema.

"Hayo makato ni ada yangu ya masomo. Sijawahi kusomeshwa na mtu kwa bei hiyo. Kimbia, mama."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Mama Inchi aliandika namba ya Mzee Suti, Dereva akaisoma kwa sauti, wakala akaisoma tena, na yule mteja, kwa hiari yake, akaisoma mara ya tatu kutoka nyuma kwenda mbele. Wote wakakubaliana. Akabonyeza, akavaa viatu, akakimbia, na mtaa ukamwona mwanamke mrefu akikata kona na tepu ikipepea shingoni.

Alipofika mlangoni kwa Mzee Suti alisimama, mkono ukutani, pumzi haziji. Ndani duka lilikuwa tupu, alama za meza zikionekana sakafuni kwa weupe. Mashine ilikuwa katikati. Mnunuzi mwingine, bwana mnene mwenye funguo za gari kidoleni, alikuwa ameshavua koti tayari kubeba. Mzee Suti alikuwa ameshika simu yake karibu na pua.

"Imelia," mzee alikuwa anasema. "Lakini miwani yangu nadhani niliiuza pamoja na droo. Hebu nisomee, bwana. Huenda ni binti yangu, huenda ni hao wanaogawa magari."

Akamkabidhi simu yule mnunuzi.

Mama Inchi alitaka kupiga kelele, na pumzi haikumruhusu. Alimwona yule bwana akisoma kimya. Alimwona akiitazama mashine, akaitazama simu, akazungusha funguo kidoleni mara moja. Mtu yule alikuwa ameendesha gari asubuhi nzima. Alichohitaji ni kusema neno moja tu, kwamba ni wale wa magari, na mzee asingejua mpaka jioni.

"Mzee," bwana yule alisema, akishusha pumzi, "umeshalipwa. Yote, na imeingia kabla ya saa sita. Mashine si yangu."

Akageuka, akamwona Mama Inchi mlangoni akiwa ameloa jasho, na hakuhitaji kuambiwa.

"Ni wewe?"

Mama Inchi akaitikia kwa kichwa.

"Nimechoma mafuta bure," alisema, lakini bila uchungu mwingi. Alivaa koti, akalivua tena. "Haya. Gari limekuja kubeba mashine, acha libebe mashine. Unaishi wapi?"

Dereva alifika wakati huo, akihema. Jambo la kwanza alilouliza ni kama angeweza kuliendesha yeye hilo gari.

"Hapana," walisema mkewe na mwenye gari kwa pamoja.

Wanaume wawili waliinama kuinyanyua mashine, na hapo Mzee Suti akaweka kiganja juu yake.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Haijatungwa uzi. Siwezi kumpa mtu mashine isiyotungwa."

Mama Inchi alijua kutunga ovaloki. Kwa miaka yote ile ya foleni alikuwa ameitazama ya kukodisha ikitungwa mpaka angeweza kuifanya gizani. Pia alijua, kama kila fundi, kwamba kabla ya safari nyuzi huondolewa, kwa sababu zitakatika tu njiani. Alimtazama mzee, aliyekuwa tayari ameketi na kuanza kupapasa sindano kwa ncha ya kidole. Akavuta boksi, akakaa kando yake kama mwanafunzi.

"Nionyeshe, mzee," alisema.

Uzi wa kwanza ulipita kirahisi. Wa pili ulimtoka mzee mara mbili, akaulowesha kwa ulimi, akajaribu tena, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia. Mwenye gari alitoka nje polepole, akazitia funguo mfukoni, akaketi garini kungoja.